Chai, Uji na Bomba la Bafuni: Kumkinga Mtoto Mdogo Asiungue Nyumbani

Somo letu la leo ni kuhusu watoto wadogo kuungua nyumbani. Sizungumzii nyumba kushika moto, ingawa hilo nalo lipo. Nazungumzia kikombe cha chai, bakuli la uji, sufuria ya maharage na bomba la bafuni, yaani vitu tunavyovigusa kila siku bila kufikiri.

Wakati nasomea uuguzi nyumbani, watoto wengi tuliowapokea wodini wakiwa wameungua walikuwa wameangukia mafiga, au sufuria iliyokuwa imetuliwa chini sakafuni. Hapa Sydney hakuna mafiga. Jiko liko juu, ni la gesi au la umeme, na mzazi anaona hatari ile ameiacha huko alikotoka. Hatari haikwisha, imepanda juu tu. Imekaa mezani na kwenye kaunta ya jikoni, pale ukingoni kabisa, mahali ambapo mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayejifunza kusimama hunyoosha mkono na kuvuta chochote anachokipata. Hapa Australia watoto wanaoungua kuliko wengine ni hao wa mwaka 1 hadi 2, na kinachowaunguza zaidi ni vitu vya majimaji vyenye joto, siyo moto wenyewe.

Kuna jambo jingine lililobadilika ambalo halisemwi sana. Kule nyumbani mtoto alikuwa na macho mengi: bibi, shangazi, dada wa kazi, jirani, watoto wakubwa wa uani. Hapa Blacktown, Auburn au Liverpool, jioni ya saa kumi na moja yupo mama peke yake na watoto watatu, anapika, mmoja analia, mwingine anataka kusaidiwa kazi ya shule, na baba yuko njiani kuelekea zamu ya usiku. Au baba ndiye yuko na watoto, na mama ndiye yuko kazini. Saa hiyo ya kupika ndiyo saa ya hatari. Kumlaumu mzazi hakusaidii kitu. Kinachosaidia ni kupanga nyumba ili sekunde mbili za kugeuza mgongo zisilete msiba.

CHAI NA WAGENI

Ngozi ya mtoto mdogo ni nyembamba kuliko yetu, kwa hiyo joto linaingia ndani haraka zaidi. Chai iliyomiminwa robo saa iliyopita, ambayo wewe unaiona imeanza kupoa, bado inaweza kumbabua. Na chai yetu haikutengenezwa kwa kutia jani kwenye kikombe. Imechemka pamoja na maziwa na tangawizi, kisha imetiwa kwenye chupa ya chai inayotunza joto kwa masaa. Zile chupa za kubonyeza juu ndizo ninazozihofia zaidi, kwa sababu hata mtoto wa miaka 2 akiona mtu mzima anabonyeza, na yeye atabonyeza.

Siku ya wageni ndiyo mbaya. Watu wamekaa, sinia limewekwa kwenye meza fupi au juu ya mkeka, maongezi yamekolea, kila mtu anadhani mwenzake anamwangalia mtoto. Hapo naomba tuwe wakali kidogo. Sinia la chai lisiwekwe chini wala kwenye meza fupi kama kuna mtoto anayetambaa au anayeanza kutembea. Kitambaa cha meza kinachoning'inia kiondolewe, maana mtoto akikivuta anavuta na vyote vilivyo juu yake. Na usimpakate mtoto huku umeshika kikombe, hata kama umezoea. Mgeni akitaka kumpakata mtoto, mpe mtoto kwanza, chai atakunywa baadaye. Hakuna mgeni mwenye akili atakayeona amedharauliwa.

Uji na ugali vina ubaya wao wa pekee: vinanata. Maji ya moto yakimwagika hutiririka na kupoa, lakini uji mzito hubaki umeganda kwenye ngozi ukiendelea kuchoma. Vivyo hivyo zile tambi za haraka za kwenye kikombe, ambazo watoto wa hapa wanazipenda sana na wanajifunza kujitengenezea wenyewe wakiwa wadogo mno. Kikombe chake ni chepesi, kinapinduka kwa kuguswa tu, na maji yake yametoka kuchemka sasa hivi.

Jikoni kwenyewe, tumia mafiga ya nyuma ya jiko kwanza, na mpini wa sufuria au kikaango ugeuze uelekee ukutani. Waya wa birika la umeme usining'inie. Ukikaanga maandazi au sambusa, mtoto asiwepo jikoni kabisa. Mafuta ya kukaangia yana joto kubwa sana kuliko maji yanayochemka, na huunguza ngozi mpaka ndani. Kama jikoni hakuna mlango, weka kigeti cha watoto. Wengi wetu tunapanga nyumba na tunaogopa kugusa ukuta wa mtu, lakini sheria ya upangaji ya New South Wales imeorodhesha vigeti vya usalama wa watoto kati ya mabadiliko madogo ambayo mwenye nyumba hawezi kuyakataa bila sababu ya msingi. Mwombe ajenti wako kwa maandishi, barua pepe inatosha, na utunze jibu lake.

Neno moja kuhusu watoto wakubwa. Kwetu binti wa miaka 8 kupika uji na kumbeba mdogo wake ni malezi mazuri, na mimi nililelewa hivyo. Lakini asifanye vyote viwili kwa wakati mmoja. Amchezeshe mdogo wake sebuleni wakati wewe unapika, hiyo ni kazi kubwa na inatosha.

MAJI YA BAFUNI

Nyumba nyingi hapa zina tangi la maji ya moto, na sheria inataka maji ndani ya tangi yatunzwe kwa nyuzi 60 au zaidi ili kuua vijidudu. Shida ni kwamba maji ya nyuzi 60 yakimgusa mtoto humuunguza vibaya ndani ya sekunde 1 tu. Yakiwa nyuzi 50 huchukua kama dakika 5, na hapo una nafasi ya kumtoa. Ndiyo maana nyumba mpya hufungwa vali ya kuchanganya maji ili yanayofika bafuni yasizidi nyuzi 50. Nyumba za zamani nyingi hazina vali hiyo. Fungua bomba la moto bafuni, liache litiririke, kisha pima kwa kipimajoto cha jikoni. Kama yamezidi 50, mwandikie ajenti au mwenye nyumba. Usijaribu kurekebisha mwenyewe, hiyo ni kazi ya fundi bomba mwenye leseni.

Wakati wa kumwogesha, tanguliza maji ya baridi kwenye beseni, kisha ongeza ya moto, na malizia tena na ya baridi kidogo ili mdomo wa bomba usibaki na moto. Pima kwa kiwiko. Simu ikilia, iache ilie. Mlango ukigongwa, mfunge mtoto kwenye taulo uende naye. Watoto wawili wakiwa pamoja majini, yule mkubwa ndiye mara nyingi anayefungua bomba la moto akidhani anasaidia. Na mtoto anaweza kuzama katika maji yasiyofika hata goti, kimya kimya, bila kupiga kelele.

AKISHAUNGUA: DAKIKA 20

Hapa ndipo nataka msomaji asome polepole.

Toa nguo zilizolowa maji ya moto mara moja, na nepi pia. Nepi hunyonya maji ya moto na kuyashikilia kwenye ngozi, na wazazi wengi huisahau. Toa bangili, hirizi, uzi mweusi wa mkononi na shanga za kiunoni. Mahali palipoungua patavimba, na ushanga unaobana utazuia damu. Kata, usione huruma, shanga zitatungwa upya. Lakini kama nguo imeshikana na ngozi, usiivute, kata pembeni yake.

Kisha mweke mtoto chini ya bomba la maji ya baridi yanayotiririka, kwa dakika 20 kamili. Siyo 2, siyo 5. Tumia saa. Ngozi iliyoungua ni kama nyama iliyotolewa jikoni: umeizima moto, lakini joto lililoko ndani linaendelea kuipika. Maji yanayotiririka hulitoa joto hilo. Utafiti uliofanyika Brisbane ukachapishwa mwaka 2020, uliofuatilia watoto zaidi ya 2,000 walioungua, ulionyesha kwamba wale waliopozwa kwa maji ya bomba kwa dakika 20 au zaidi walikuwa na uwezekano mdogo, kwa karibu asilimia 40, wa kuhitaji kupandikizwa ngozi. Hakuna dawa ya kupaka inayofanya kazi kama hiyo.

Na maji hayo yanasaidia mpaka masaa 3 baada ya kuungua. Kwa hiyo kama wewe hukuwepo, ukafika nyumbani baada ya saa moja ukakuta mtoto amepakwa kitu na amefunikwa kitambaa, bado hujachelewa. Osha, mweke chini ya bomba. Akilia sana kwa baridi, mtoe kidogo, mtulize, umrudishe. Dakika zinajumlishwa mpaka zitimie 20.

Najua ugumu uliopo. Wengi wetu tulikulia mahali ambapo maji yanachotwa kwa ndoo, na wengine tulipita Kakuma au Nyarugusu tukapanga foleni ya maji. Kuacha bomba wazi dakika 20 kunatuuma moyoni kama kumwaga chakula. Nimeona hilo mara nyingi: mzazi anafunga bomba baada ya dakika 2, siyo kwa ujinga, ni malezi. Basi niwape hesabu. Bomba la kawaida kwa dakika 20 litatumia kama lita 200, na hapa Sydney bei ya maji hayo haifiki dola 1.

Wakati unapoza mahali palipoungua, sehemu nyingine za mwili zikinge baridi kwa taulo au blanketi, hasa kwa mtoto mchanga, ambaye hupoteza joto haraka. Barafu usitumie, huharibu ngozi zaidi. Kama mko pikiniki ufukweni na hakuna bomba, tumia vitambaa safi vilivyolowa maji baridi, uvibadilishe kila mara. Si vizuri kama bomba, lakini ni bora kuliko kusubiri.

Ukishamaliza, funika kwa ile nailoni nyembamba ya kufunikia chakula, iwekwe kwa vipande vilivyolala juu ya ngozi, isizungushwe kwa kubana. Usoni usiiweke. Malengelenge usiyatoboe. Unaweza kumpa dawa ya maumivu ya watoto, kwa kipimo cha uzito wake kilichoandikwa kwenye chupa.

VITU VYA KUPAKA

Dawa ya meno, siagi, ute wa yai, unga, asali, mafuta ya kupikia, mshubiri, hata mafuta ya nazi. Orodha naijua yote, na kila kabila lina yake. Tatizo la vitu hivi ni kwamba huziba joto lisitoke, huleta vijidudu kwenye kidonda kibichi, na vinamzuia daktari kuona kina cha jeraha, hivyo itabidi visuguliwe, na kusuguliwa huko ni maumivu mapya kwa mtoto. Tena dawa ya meno inatuhadaa kwa ule ubaridi wake. Ubaridi wa mnanaa siyo kupoa.

Sasa jambo linalotuhusu sisi zaidi. Vijitabu vingi vya hapa vinasema angalia wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huenda usiuone kabisa. Ngozi inaweza kuonekana imekoza weusi, au ya zambarau, au kijivu, au inang'aa kwa unyevu, na mtu akasema "mbona hajaungua sana." Usitegemee rangi peke yake. Angalia kama anapalinda mahali hapo asiguswe, kama pamevimba, kama ngozi imeinuka au imetoka na kuacha pembe au weupe chini yake. Na mahali palipoungua sana panaweza pasiume, kwa sababu mishipa ya fahamu imeungua nayo. Mtoto kunyamaza siyo dalili ya nafuu. Kama mhudumu anaonekana kulichukulia jeraha kuwa jepesi, mwambie wazi rangi ya kawaida ya ngozi ya mtoto wako ni ipi, umwonyeshe upande mwingine wa mwili alinganishe.

WAPI KWENDA, NA HOFU YETU

Jeraha kubwa kuliko sarafu ya senti 20, au lenye malengelenge, lionwe na daktari. Jeraha la usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au kwenye kiungo kama kiwiko na goti, nenda hospitali idara ya dharura hata kama ni dogo. Mtoto mchanga vilevile. Kama jeraha ni kubwa, au mtoto amevuta moshi, anapumua kwa shida au amelegea, piga 000. Kitengo cha watoto walioungua kwa jimbo letu kiko Children's Hospital at Westmead, lakini usiendeshe gari kutoka mbali ukitafuta Westmead. Nenda hospitali iliyo karibu, wao watawasiliana.

Simu ya 000 ni bure, na simu ya mkononi isiyo na salio huipiga pia. Sema "ambulance", kisha kama Kiingereza kinakupotea kwa hofu, sema "Swahili interpreter" na usikate simu. Kwa ushauri usio wa dharura, kuna wauguzi wa Healthdirect usiku na mchana kwa 1800 022 222, na ukitaka mkalimani kwanza piga 131 450 uwaombe wakuunganishe. Hospitalini mkalimani ni bure. Usimtumie mtoto wako wa shule kutafsiri habari za mdogo wake aliyeungua, ni mzigo usiomfaa.

Medicare hailipii ambulensi, hilo ni kweli, na ndilo linalofanya watu wasite. Hapa New South Wales wenye Health Care Card au Pensioner Concession Card hawatozwi. Wanafunzi wa nje, angalieni bima yenu, kwa kawaida inalipia ya dharura. Wengine bili ikija unaweza kuomba kuilipa kidogo kidogo.

Lakini hofu kubwa siyo bili. Tunaisikia kwenye misiba, kwenye harusi na baada ya ibada: "Ukimpeleka mtoto aliyeungua, serikali itamchukua." Nitasema ukweli wote, siyo nusu. Ndiyo, utaulizwa imetokeaje, na huenda ukaulizwa na zaidi ya mtu mmoja. Ndiyo, sheria ya jimbo hili inatulazimisha wauguzi, madaktari na walimu kutoa taarifa tunapokuwa na sababu ya kushuku kwamba mtoto yuko katika hatari kubwa ya kudhurika. Lakini mtoto kumwagikiwa chai ni jambo tunaloliona mara kwa mara, katika familia za kila rangi, na wanaouliza wanataka kujua kama maelezo yanalingana na jeraha. Eleza kama ilivyokuwa: nani alikuwepo, chai ilikuwa wapi, ulifanya nini. Kama kaka yake wa miaka 7 ndiye aliyekuwa naye jikoni, sema. Kinachozua maswali mazito ni hadithi inayobadilika, na mtoto anayeletwa baada ya siku 3 akiwa na kidonda kimeoza na homa. Yaani kile watu wanachokifanya ili kukwepa ustawi wa jamii ndicho kinachowaleta.

BIBI AKIJA KUTEMBEA

Wengi wetu tunamleta mama au mama mkwe mtoto anapozaliwa, naye anakaa miezi kadhaa akisaidia. Ni baraka kubwa. Ila bibi ndiye mwenye dawa zake za kupaka, na huwezi kumwambia mzee aliyelea watoto 7 kwamba hajui kulea. Usibishane naye siku ya ajali. Zungumza naye kabla, mkiwa mmekaa, na umpe kazi: "Mama, mtoto akiungua, wewe ndiye utakayemshika chini ya bomba, mimi nitapiga simu." Atakubali, kwa sababu umempa nafasi yake.

Andika anwani ya nyumba kwa herufi kubwa, pamoja na 000, uibandike kwenye friji, maana bibi hajui jina la mtaa na wewe mwenyewe kwa hofu unaweza kulisahau. Kisha mpeleke bafuni na jikoni umwonyeshe mabomba ya hapa yenye mpini mmoja, ambayo kwa kawaida kushoto ni moto na kulia ni baridi. Mwache afungue na kufunga mwenyewe mara tatu nne mpaka mkono wake uzoee.